Maji yakipwa, kiti cha pweza mwache pale pale alipo

Nina ombi moja kwa yeyote anayepanga kushuka bichi msimu huu wa kaskazi, wakati bahari imetulia na maji yametakata mpaka waona mchanga wa chini. Ukikuta kitu hai kwenye kidimbwi cha mwambani, kitazame kikiwa ndani ya maji, na ukiondoka ukiwache bado kiko ndani ya maji. Mengine nitakayoeleza hapa, ya saa za maji na viatu na sumu, ni muhimu sana na nitayaeleza, lakini hilo la kwanza ndilo linaloniuma na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Manake kila bamvua, zile siku maji yanapotoka mbali sana, ukenda Nyali hapa Mombasa, ukenda Kanamai, ukenda Shelly Beach kule Likoni, utaona jambo lile lile. Familia imetoka mjini au imekuja likizo kutoka bara, watoto wamefurahi, kijana wa bichi anawatembeza mwambani, anainama anamtoa kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, wa kijivu na vinundu vyekundu, anamweka kwenye kiganja cha mtoto. Picha. Kaka mtu naye anataka, picha, halafu mama, halafu shangazi, halafu ile ya wote pamoja, halafu mtu anasema simu yangu haikutoa vizuri hebu tupige tena. Hapo jua ni la saa tano na yule kiumbe yuko juu hewani muda wote huo. Akirudishwa anatupwa tu, chubwi, mara nyingi anaanguka chali, na kujigeuza kwake si kazi ya haraka.

Sasa kiti cha pweza hana pua wala mapafu. Anapumua kwa vijingozi vyembamba sana vilivyo mgongoni mwake na kwa vile vijiguu vingi vya chini, na vyote vyataka maji yapite juu yake. Hata kutembea kwake ni kwa maji, anayaingiza mwilini yanasukuma vijiguu vinanyooka, ndio akaweza kushika jiwe. Ukimbandua kwa nguvu kuna vijiguu vinakatika vinabaki pale kwenye jiwe, wewe huoni kwa sababu ni vidogo na hatoi sauti. Na huyo wa vinundu vyekundu kwao hasa ni kwenye majani ya bahari, sehemu ambazo maji hayaishi kabisa, hakuumbwa kukaa juani akipitishwa mkono kwa mkono.

Na bunju, yule samaki anayefura kama puto, ndio balaa zaidi. Nimeona bunju anaguswaguswa na kufinywa mpaka afure watu wacheke. Bunju anafura kwa hofu, hakuna sababu nyingine. Akiwa majini anameza maji, na baadaye anaweza kuyatoa, lakini ukimtoa juu akafura anameza hewa, na ile hewa huenda isitoke vizuri, kwa hivyo ukimrudisha aelea tumbo juu asiweze kuzama kujificha, na ndege wako pale wanangoja. Bunju mwenyewe ana sumu ya kuua, mtu wa pwani yeyote anajua haliwi ovyo, sasa kumpa mtoto mdogo amshike eti kwa sababu ya vidio, kwa kweli sielewi.

Tena hivyo vidimbwi vyenyewe saa hiyo viko kwenye shida. Maji yakikupwa kile kilichobaki kwenye shimo la mwamba kimekatiwa njia na bahari, jua linakipiga, maji yanapata moto, hewa iliyomo inapungua, chumvi inazidi, na ikinyesha mvua kubwa chumvi inashuka ghafla. Kila aliyemo humo anavumilia zile saa chache akisubiri bahari irudi. Mikono yetu inamkuta katika saa yake ngumu kuliko zote za siku.

Basi tuje kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo watu wanapohatarisha roho zao pia.

Huku kwetu maji yanakupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, na zile moja mbili zinazofuata, ndio bamvua, maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanarudi mengi. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanatoka kidogo yanaingia kidogo. Na Mombasa ina jambo zuri ambalo wavuvi wote wanalijua na sisi wa mjini tumelisahau: siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne mpaka saa tano asubuhi, mwaka mzima, na kujaa kwake ni kwenye saa kumi jioni. Kwa hivyo ukitazama tu mwezi usiku ushajua kesho asubuhi mwamba utakuwa wazi au la. Siku za maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi maji yamejaa, yanakupwa alasiri na hata hapo hayatoki sana, usijisumbue.

Hii ndio sababu nataka watu wa Idd wanisikilize. Idd ndogo ni siku ya kwanza ya mwezi wa Shawwal, yaani mwezi ndio kwanza umeandama, yaani ni bamvua. Watu wanaswali, wanakula, wanatembeleana, wanavalisha watoto, halafu alasiri ndio wanamiminika bichi ya Pirates na Nyali, na hiyo alasiri ya saa kumi ndio maji yanajaa kwa kiwango cha juu sana. Ukiambiwa na jamaa yako kwamba Idd asubuhi alitembea mpaka mbali mwambani, ni kweli, lakini wewe ukija saa tisa ukajaribu njia ile ile na watoto unaingia kwenye maji yanayopanda. Idd kubwa ni siku ya kumi ya mwezi, hapo ni karibu na maji mafu, bahari haina haraka vile. Mwezi ule ule tunaoutafuta kwa macho tujue kufunga na kufungua, ndio huo unaovuta maji, tuutumie basi.

Ukitaka hesabu kamili, Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, na kuna apu nyingi za simu zinazoonyesha. Tafuta Kilindini au Mombasa. Bamvua ya kawaida hapa maji yanashuka mpaka mita 0.3 hivi na yanapanda mpaka mita 3.5 hivi, siku nyingine zaidi. Kwa kutazama vidimbwi mimi nangoja siku ambayo jedwali linaonyesha chini ya mita 0.5.

Sasa hiyo tofauti ya mita 3 na zaidi inapanda kwa kama saa 6, lakini haipandi sawasawa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Saa ya kwanza baada ya maji kugeuka waona kama hakuna kitu, yanaongezeka kidogo tu, watu wanazidi kwenda mbele. Saa ya pili yanachangamka. Saa ya tatu na ya nne ndio yanakuja kwa kasi, kama robo ya maji yote kwa kila saa, yaani karibu sentimita 80 kwa saa moja, na mtoto wa miaka mitano hapo ashafikwa kifuani.

Na maji hayaji kutoka mbele unapoyatazama. Hili naomba lisomwe mara mbili. Mwamba wetu mkubwa uko nje kule mawimbi yanapovunjika, na kati yake na ufuo kuna sehemu ya chini zaidi, na kuna milango kwenye mwamba ambayo bahari inapitia. Maji yakigeuka yanaingia kwa ile milango yanaanza kujaza sehemu ya chini, ambayo wewe uliyeko mwambani iko nyuma yako. Uko pale umeinama unatazama kaa, miguu yako mikavu, mwamba mkavu, kumbe njia uliyojia ishakuwa na maji ya kiuno na mkondo. Kwa hivyo sheria yangu ni hii na sina mjadala nayo hata na wageni wangu: tunaingia saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, tukifuata maji yanavyotoka, na ikifika ile saa ya kukupwa kabisa tunageuka tunarudi, hata kama bado pakavu, hata kama mtu ameona pweza. Simu iwekwe kengele, kwa sababu macho yakiwa kwenye kidimbwi saa haipo. Ukikuta mvuvi au wale kina mama wa pweza wameanza kurudi na wewe rudi, usiulize sababu.

Viatu. Vaa raba za zamani au sandali zenye soli ngumu zilizofungwa nyuma ya kisigino, si champali, yaani kandambili, champali inavuka kwenye mwani na inabaki kwenye tope. Hili si kwa ajili ya mawe makali tu. Kuna wale viumbe weusi wa duara wenye miba mirefu kama sindano wanaojibana kwenye mashimo ya mwamba, miba yao inaingia inakatika ndani ya nyama. Watu wa huku wanapaka utomvu wa papai bichi, na maji ya moto ya kuvumilika yanapunguza maumivu, lakini mwiba ulioingia ndani au karibu na kiungo nenda hospitali, usikae unachokoachokoa na pini. Kuna samaki-jiwe, ambaye kwa kweli ni jiwe tupu ukimtazama, amelala na mwani umemuota mgongoni, na miba yake ina sumu yenye maumivu ambayo watu wazima wanalia. Kuna samaki taa amejifukia mchangani. Kwenye mchanga wenye maji buruta miguu, usinyanyue unyayo na kuutua, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Ukichomwa na hao wawili, dawa ya kwanza ni maji ya moto kiasi cha kustahimili, tia mguu humo kwa nusu saa na zaidi, huku safari ya hospitali inapangwa.

Na konokono mwenye umbo la koni, mwenye mapambo mazuri mno, wengine kama wamefumwa nyavu za rangi ya kahawia. Huyo msimshike. Msimtie mfukoni, kwa sababu ana mwiba mfano wa mshale anaourusha na unapita kwenye kitambaa, na kuna aina yake imeshaua watu na haina dawa maalum ya kuzima sumu. Watoto wanaokota kwa sababu anapendeza. Nawaambia wapwa zangu hivi: kombe yoyote ya konokono umeipenda, iangalie pale ilipo, mikono mgongoni. Inasaidia pia mkono usiingie kwenye mashimo, samaki mkunga anaishi humo na meno yake si mchezo.

Baada ya kuwatisha hivyo, wacha niseme kwa nini mimi naenda kila nikipata nafasi. Ukikaa kitako kando ya kidimbwi kimoja, usihangaike kutoka kimoja kwenda kingine, nyamaza dakika kumi tu, ujitahidi kivuli chako kisianguke juu ya maji, kila kitu kinatoka. Kwanza vijisamaki vidogo vya rangi ya mchanga. Halafu ile kombe uliyodhani tupu inasimama inatembea, kumbe ndani mna kaa aliyeazima nyumba. Halafu waona jiwe limebadilika rangi, na lina jicho, ndio pweza huyo anakutazama. Kete akiwa hai hana ule mng'aro tunaoujua dukani, amejifunika na ngozi yake laini yenye vinywele, ukisogea anaivuta polepole na ndio ule mng'aro unatokea, subhanallah. Na kuna wale wengine wa miba mifupi wanaojifunika vipande vya majani ya bahari na vya makombe kichwani, wakajipamba kama wanakwenda harusini.

Halafu jongoo bahari, ambaye watu wanampiga teke. Huyo anameza mchanga anakula uchafu uliomo anautoa umesafika, siku nzima kazi yake ni hiyo, bila mshahara. Ukimbughudhi, aina nyingine zinatoa nyuzi nyeupe zinazonata, nyingine zinatapika matumbo yao kabisa, na itamchukua muda mrefu kuyaotesha tena. Mtoto anaona ni mchezo, lakini mnyama ametoa alichonacho ili anusurike.

Kuhusu kukanyaga. Tembea kwenye mchanga na kwenye mwamba mtupu. Matumbawe ni hai, yale makubwa ya mviringo yanaongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hivyo lile unaloweza kulivunja kwa kisigino kimoja huenda lilichukua miaka mingi kukua. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda matumbawe mengi sana ya pwani hii yalikuwa meupe yakafa, na yaliyorudi yamerudi kwa shida. Na mambo haya yameshikana. Samaki kikande ndiye anayekula wale weusi wa miba, akivuliwa wote hao wa miba wanazidi, na wao wanakula na kuchimba mwamba mpaka unaliwa. Kombe kubwa la baragumu, linalouzwa kama pambo, mwenyewe akiwa hai anamla yule kiti cha pweza wa miba anayemaliza matumbawe. Kwa hiyo ukinunua kombe linalong'aa kwenye meza ya bichi, jua kwa kawaida halikuokotwa limekufa, lilichukuliwa na mwenyewe yumo. Hata lile tupu kweli, yule kaa aliyeazima nyumba anakua na atataka kubwa zaidi, mwachie.

Ukigeuza jiwe kutazama chini yake, ligeuze taratibu na ulirudishe vile vile lilivyokuwa, upande ule ule chini. Walioko chini wanakufa kwa jua na walioko juu wanakufa kwa giza. Bora usiligeuze.

Kuna pia sheria. Sehemu kubwa ya bahari kuanzia Nyali kupanda Bamburi mpaka upande wa Mtwapa ni hifadhi tangu mwaka 1986, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani ya ile mbuga yenyewe, kilomita 10 za mraba, hutoi kitu chochote, samaki, kombe, tumbawe, hata moja, na kwenye eneo la akiba linaloizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji na vikombe na vijiko vile, zimepigwa marufuku kwenye fukwe na mbuga tangu Juni 2020. Beba chupa yako ya kujaza. Na losheni ya jua, badala ya kujipaka kisha kuingia kwenye kidimbwi kidogo kisicho na pa kutokea, vaa shati la mikono mirefu na buibui lako na kofia, umemaliza.

Lakini heshima haiwi kwa wanyama peke yao. Kule nje ya mbuga utawakuta kina mama na vijana wanatafuta pweza kwa fimbo, wanajua kila shimo, na hiyo ndio riziki yao ya siku. Tafadhali usiende kuwahutubia kuhusu mazingira. Toa salamu, shikamoo mama, usipite mbele yake ukitibua maji, usimpige picha bila kumuomba. Wao wakitoa pweza mmoja kwa chakula na sisi tukiua viti vya pweza kwa picha haviwi kitu kimoja hata kidogo. Na watu wa pwani wakiamua wenyewe wanaweza, Kuruwitu huko Kilifi wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, samaki wakarudi, na mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Na hawa vijana wa bichi nisieleweke vibaya. Wao wanainua wanyama kwa sababu sisi ndio tunaolipia kuinuliwa. Mgeni akiona amewekewa kiti cha pweza mkononi anatoa noti, akionyeshwa kwa kidole anasema ahsante anaondoka, sasa wewe ungefanyaje na una watoto nyumbani. Kwa hivyo pesa ndiyo izungumze. Kabla hamjashuka mwambani elewana naye pale pale mchangani: ndugu yangu, bei yako naikubali na nitakuongeza, ila leo hatutoi kitu majini, utuonyeshe vilivyo. Wengi wanashangaa kwanza halafu wanafurahi, manake kuinua viti vya pweza kila mtu aweza, lakini kujua pweza yuko shimo lipi leo, mkunga anatoa kichwa wapi, samaki-jiwe analala upande gani, hiyo ni elimu wameipata kwa baba zao na hakuna aliyewahi kuwalipa kwa ajili yake. Juzi mmoja alitukalisha kando ya shimo moja karibu na Kanamai, akatuambia nyamazeni, tukanyamaza, akatuonyesha pweza akikokota vijiwe kimoja kimoja akijenga mlango wa nyumba yake. Mtoto wa dada yangu hakuomba simu hata mara moja. Nikamlipa kijana nilivyoahidi na juu yake, akaniuliza bamvua ijayo mnakuja saa ngapi, nikamwambia wewe ndiwe wa kuniambia, akatazama juu akahesabu kwa vidole akasema njooni saa tatu, saa nne na robo tunageuka.